Rai Sahihi na Yakini: Swali la Ujuzi katika Mazoezi ya Kupanga na Kutafuta Njia

Somo la kuandika programu za kompyuta lina mazoezi mawili yasiyokosekana. La kwanza humtaka mwanafunzi apange orodha ya namba au majina kuanzia dogo hadi kubwa. La pili humpa ramani yenye vituo na umbali kati ya kituo na kituo, kisha humtaka atafute njia iliyo fupi kuliko zote kutoka kituo kimoja hadi kingine. Majibu ya mazoezi haya yanajulikana tangu zamani, na programu zilizokamilika zinapatikana bila taabu. Bado yanafundishwa, kwa sababu faida yake kubwa haimo katika jibu. Mazoezi haya humkutanisha mwanafunzi na swali la kale la falsafa: anayetoa jibu sahihi anatofautianaje na anayejua kwa nini jibu lake ni sahihi?

Swali hilo liliulizwa kwa mfano wa njia hasa. Katika Meno, mazungumzo aliyoyaandika Plato katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Socrates anamtaja mtu anayeijua barabara ya kwenda Larissa, mji wa Thessaly huko Ugiriki. Mtu huyo akiwaongoza wengine, watafika. Lakini yuko mwingine ambaye hajawahi kuipita barabara hiyo wala haijui, ila amekisia na makisio yake yakaangukia penye kweli. Naye atawafikisha vilevile. Kwa anayetazama matokeo tu, viongozi hawa wawili ni sawa. Basi ujuzi unaizidi rai sahihi kwa lipi? Jibu la Socrates ni kwamba rai sahihi haitulii. Humponyoka mwenye nayo mpaka aifunge kwa kuielewa sababu yake. Ikishafungwa hivyo ndipo inapokuwa ujuzi.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, alilikabili jambo hilo hilo kwa upande wa dini. Katika al-Munqidh min al-Dalal anaeleza jinsi alivyoona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Mayahudi wakikua Mayahudi, na wa Waislamu wakikua Waislamu, kila mmoja akiwafuata wazazi na walimu wake. Hapo akataka kujua ni elimu gani isiyosimama juu ya taklidi, yaani kufuata bila kuuliza hoja. Yakini aliyoitafuta ilikuwa ya namna hii: mtu anayejua kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu hatatikisika hata akijitokeza mwingine akidai kinyume na kugeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake. Atastaajabia muujiza, lakini hesabu yake itabaki palepale.

Mwanafunzi aliyenakili programu ya kupanga orodha, akaiendesha, akaona imetoa jibu linalotakiwa, yumo katika hali ya yule kiongozi wa pili wa Larissa. Amefika, na hakuna anayeweza kumkanusha. Lakini akiulizwa kama programu hiyo itafaulu pia kwa orodha ambayo hajaijaribu, hana la kusema ila kwamba mpaka sasa haijakosea.

Kabla ya kujua kama programu ni sahihi, sharti ijulikane usahihi wenyewe ni nini, na hapo ndipo wengi hujikwaa mwanzo. Ukimwuliza mwanafunzi maana ya orodha iliyopangwa, atasema ni ile ambayo hakuna kitu kinachofuatwa na kilicho kidogo kuliko chenyewe. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Programu inayofuta orodha yote na kurudisha orodha tupu inayatimiza, na inayoandika namba 7 mahali pote inayatimiza pia. Linatakiwa sharti la pili: orodha inayotoka iwe na vitu vilevile vilivyoingia, kila kimoja kwa idadi yake, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa zoezi la njia ugumu uko katika neno fupi. Fupi kwa kilomita, kwa saa, kwa nauli, au kwa usalama wa msafiri? Kompyuta hupokea namba juu ya kila kiungo cha ramani na kuijumlisha. Namba hiyo inapima nini, na jambo gani limeachwa nje ya kipimo, huamuliwa na mtu kabla hesabu haijaanza. Hakuna algoriti, yaani mfuatano wa hatua za kukokotoa, inayoweza kurekebisha uamuzi mbaya wa aina hiyo. Itatoa jibu sahihi kabisa kwa swali ambalo halikupasa kuulizwa.

Masharti yakishaelezwa, njia inayomjia kila mtu kwanza ni kujaribu. Majaribio ni ya lazima, na mwandishi wa programu anayeyadharau hujidhuru. Lakini uwezo wake una mpaka unaohesabika. Vitu 10 vilivyo tofauti vinaweza kuja katika mifuatano 3,628,800. Vitu 20 vina mifuatano 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayojaribu mifuatano bilioni moja kila sekunde, usiku na mchana, ingehitaji takriban miaka 77 kuimaliza. Hiyo ni orodha ya vitu 20 tu, na programu halisi hupanga maelfu na mamilioni. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliusema mpaka huo waziwazi: majaribio yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kwamba hayapo.

Katika karne ya 18 David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alikuwa amelisema jambo la aina hiyo kuhusu maarifa yote yatokanayo na mazoea. Kuchomoza kwa jua kila siku hadi leo hakutoi hoja ya lazima kwamba litachomoza kesho. Tunalitarajia kwa sababu tumezoea, na mazoea si uthibitisho. Kuhusu maumbile tatizo la Hume halijapata ufumbuzi uliokubaliwa na wote, kwa kuwa binadamu hakuziweka sheria za maumbile na hazioni ila kwa nje.

Programu ni kitu kingine. Giambattista Vico wa Napoli alidai mwaka 1710 kwamba mtu hukijua kikamilifu kile alichokifanya mwenyewe, na ndiyo maana hisabati ina uhakika ambao elimu ya maumbile haina. Dai hilo linaweza kubishaniwa kwa mambo mengi, lakini linaifaa vizuri programu ya kupanga orodha. Kila hatua yake imewekwa na mtu, kwa kanuni zilizotangazwa, wala hakuna hatua iliyofichika. Kwa hiyo hapa pana mlango ambao Hume hakuupata kwenye mawio ya jua: mtu anaweza kuacha kutazama matokeo, akayatazama maagizo yenyewe, na kuuliza kwa nini hayana budi kufaulu.

Mfano mwepesi ni kupanga kwa kuchomeka. Programu huanza na kitu cha kwanza kikiwa peke yake. Hukichukua cha pili na kukiweka mahali pake mbele au nyuma ya cha kwanza, kisha hukichukua cha tatu na kukichomeka kati ya viwili hivyo au pembeni mwao, na kuendelea hivyo mpaka orodha iishe. Hoja yake husimama juu ya kauli moja inayobaki kweli kila mzunguko unapoanza: sehemu iliyokwisha kushughulikiwa imepangwa, na ina vitu vilevile ilivyokuwa navyo. Mwanzoni kauli ni kweli, maana kitu kimoja hakiwezi kuwa nje ya mpango. Kila mzunguko huihifadhi, kwa kuwa kitu kipya huwekwa baada ya vyote visivyokizidi na kabla ya vyote vinavyokizidi, na hakuna kinachotupwa. Kila mzunguko pia huipunguza kwa kitu kimoja sehemu iliyobaki, kwa hiyo kazi haina budi kufika mwisho. Ikifika, sehemu iliyoshughulikiwa ndiyo orodha nzima. Hoja hiyo fupi inatosha kwa orodha ya vitu 5 na ya vitu milioni 5, na kwa orodha ambazo hakuna mtu atakayeziona.

Uthibitisho wa namna hii ulianza kutafutwa mapema sana katika historia ya kompyuta. Mwaka 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Alan Turing alieleza jinsi ya kuikagua programu ndefu kwa kuweka madai madogo katika sehemu zake mbalimbali, ili kila dai likaguliwe peke yake. Robert Floyd alieleza njia ya aina hiyo kwa upana zaidi mwaka 1967, na mwaka 1969 Tony Hoare akaiwekea kanuni za kimantiki. Hoare ndiye aliyekuwa ameitangaza mwaka 1961 mojawapo ya njia za kupanga zinazotumika sana duniani. Mtu aliyebuni njia ya haraka ndiye aliyehangaika pia kujua njia inasadikika kwa lipi.

Zoezi la kutafuta njia linafundisha somo hilo kwa kina zaidi, kwa sababu hoja yake ina sharti ambalo ni rahisi kulisahau. Algoriti inayofundishwa zaidi ni ya Dijkstra. Aliibuni mwaka 1956 akiwa amepumzika na mchumba wake kwenye mkahawa mjini Amsterdam, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Swali lake lilikuwa njia fupi kuliko zote kutoka Rotterdam hadi Groningen, na kompyuta ya ARMAC ilionyeshwa hadharani ikiifanya kazi hiyo kwa ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Makala yake ilichapishwa mwaka 1959. Baadaye Dijkstra alisema kwamba kukosa kalamu kulimlazimisha kuepuka ugumu wote usio wa lazima.

Algoriti hiyo huweka kundi la vituo ambavyo umbali wake wa mwisho umekwisha kujulikana, kikianza kile cha kuondokea. Kila mara hukitafuta, kati ya vilivyobaki, kituo chenye umbali mdogo kuliko vyote kwa njia zilizoonekana hadi hapo, na kukiingiza kundini moja kwa moja. Kwa nini haiogopi kwamba njia nyingine fupi zaidi itajitokeza baadaye? Kwa sababu njia yoyote nyingine ingelazimika kutoka nje ya kundi kwa kupitia kituo ambacho umbali wake si mdogo kuliko huo, na safari iliyobaki kutoka hapo haiwezi kuupunguza.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo roho ya hoja, na ndiyo inayoonyesha mpaka wake. Safari iliyobaki haiwezi kupunguza jumla iwapo tu hakuna kiungo chenye namba iliyo chini ya sifuri. Kilomita haziwi chini ya sifuri, lakini gharama huweza kuwa. Gari la umeme linaloteremka mlima hurudisha chaji kwenye betri yake, na anayehesabu umeme unaotumika ataandika namba hasi kwa kipande hicho cha barabara. Tuseme kutoka A hadi B ni 2, kutoka A hadi C ni 3, na kutoka C hadi B ni hasi 2. Algoriti itaifunga hesabu ya B kwa 2, ingawa kupitia C jumla ni 1. Kwa ramani kama hiyo hutumiwa njia nyingine, inayohusishwa na Richard Bellman na Lester Ford, ambayo huzipitia tena na tena hesabu zote kabla ya kuzifunga. Nayo ina sharti lake, kwamba pasiwe na mzunguko unaoweza kurudiwa bila kikomo huku jumla ikizidi kushuka.

Hapa faida ya kuijua sababu huonekana kwa macho. Mwenye rai sahihi angeweza kuitumia algoriti ya Dijkstra miaka mingi kwa ramani za kilomita, na kila jibu likawa sahihi. Siku ya kupewa ramani ya umeme angekosea bila kujua kwamba amekosea. Aliyeifahamu sababu angeliona kosa kabla ya kuanza, kwa maana hoja aliyoishika ilimwambia pia inapoishia. Ujuzi una sifa hii ambayo rai haina: hujua mipaka yake.

Hata makisio hupata nafasi ya heshima humo. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakifanya kazi juu ya roboti iliyoitwa Shakey huko California, walitangaza algoriti iitwayo A*. Hii hukisia umbali uliobaki kutoka kila kituo hadi mwisho wa safari, kisha hutangulia kukagua vituo vinavyotoa matumaini zaidi. Makisio hayo hayaharibu usahihi wa jibu mradi yasizidi kamwe umbali wa kweli. Kukisia si adui wa yakini endapo inajulikana makisio yenyewe yamefungwa kwa sharti gani.

Lakini je, uthibitisho nao haukosei? Pingamizi hili ni zito, na historia ya mazoezi haya haya inalipa nguvu. Kutafuta jina katika orodha iliyopangwa, kwa kuigawa katikati tena na tena, ni kazi inayoonekana nyepesi. Jon Bentley alipoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, aliithibitisha hatua kwa hatua. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba njia hiyo, pamoja na ile aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya maktaba ya lugha ya programu ya Java, ilikuwa na kosa, ambalo katika Java lilikaa takriban miaka 9. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho. Namba nzima ya kawaida katika Java haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na kwa orodha inayozidi vitu bilioni moja hivi jumla hiyo ilifurika na kugeuka hasi. Uthibitisho haukuwa na kasoro kwa namba za hisabati, ambazo hazina mwisho. Mashine haikuwa na namba hizo.

Wanafalsafa na wanasayansi wa kompyuta walikuwa wamekwisha kuliona pengo hilo. Mwaka 1979 Richard De Millo, Richard Lipton na Alan Perlis walidai kwamba uthibitisho huaminika kwa kuwa watu wengi wameusoma, wakaubishia na kuutumia, na kwamba thibitisho ndefu za programu hazipati wasomaji hao. Mwaka 1988 James Fetzer alisema kwamba hoja ya kimantiki huhusu programu kama maandishi, ilhali kinachoendeshwa ni mashine ya umeme iliyomo ulimwenguni, na juu ya ulimwengu hakuna yakini ya kimantiki. Ghazali naye alikuwa amefika kwenye ukingo huo. Alipokwisha kuzishuku hisi, akaishuku hata akili, na hakuweza kujitoa humo kwa hoja, kwa kuwa kila dalili hujengwa juu ya misingi ambayo dalili yenyewe haiwezi kuithibitisha. Hali hiyo ilimshika karibu miezi 2, na anasema hakuponywa kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Kutokana na hayo haifuati kwamba uthibitisho ni bure. Mwaka 2015 Stijn de Gouw na wenzake walijaribu kuithibitisha TimSort, algoriti ya kupanga iliyoandikwa na Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python na baadaye kutumiwa pia katika Java na Android. Walikwama. Kauli iliyotakiwa kubaki kweli kila mara haikuwa ikibaki kweli katika hali fulani adimu, na kutokana na kukwama huko wakaunda orodha iliyoiangusha programu ya Java. Matumizi ya miaka mingi duniani kote hayakulionyesha kosa hilo. Jaribio la kutoa sababu ndilo lililolifichua. Kisha walilirekebisha, na toleo lililorekebishwa likathibitishwa.

Kesi hizi mbili zikisomwa pamoja, kila moja hukamilisha funzo la nyingine. Ile ya Bloch inaonyesha kwamba hoja isiyofika mpaka kwenye mashine huacha kitu nje. Ya de Gouw inaonyesha kwamba matumizi yasiyo na hoja huacha kitu nje vilevile. Yakini kamili, kama ile ya kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu, inabaki ndani ya hisabati. Katika kazi halisi kinachopatikana ni imani yenye sababu zilizotajwa, na thamani yake iko katika kutajwa kwake: sababu iliyoandikwa yaweza kukaguliwa na mtu mwingine, na sharti lililotajwa laweza kulinganishwa na hali ilivyo.

Tena kuna maarifa ambayo majaribio hayawezi kuyagusa hata kwa mbali, nayo ni ya yasiyowezekana. Vitu 5 vina mifuatano 120. Kulinganisha vitu viwili hutoa majibu mawili tu, kwa hiyo kulinganisha mara 6 hutenganisha hali 64, nazo ni chache kuliko 120. Basi hakuna njia ya kulinganisha, iliyoandikwa au itakayokuja kuandikwa, inayoweza kuvipanga vitu 5 kila mara kwa kulinganisha mara 6. Mara 7 zinatosha, na njia ya kufanya hivyo inajulikana. Mwanafunzi anayeielewa hoja hiyo anajua jambo juu ya programu zote za vizazi vijavyo bila kuiona hata moja.

Haya yote yanaelekeza namna mazoezi yanavyopaswa kutolewa. Zoezi linalomtaka mwanafunzi alete programu inayofaulu majaribio 10 ya mwalimu hupima rai sahihi, na siku hizi rai ya namna hiyo hupatikana bure, kwa kunakili au kwa kuiomba kompyuta yenyewe iandike. Zoezi linalopima ujuzi huongeza matakwa manne. Mwanafunzi aandike masharti ya jibu sahihi kabla ya kuandika programu. Aitaje kauli inayobaki kweli katika kila mzunguko, na aeleze kwa nini kazi haina budi kufika mwisho. Ataje hali ambayo programu yake haiahidi kuiweza, na atoe mfano wake, kama ule wa A, B na C. Mwisho apewe programu yenye kosa lililofichika, alitafute kwa kuuliza ni sababu gani iliyovunjika.

Kuwafuata wengine hakukatazwi kwa hayo. Hakuna anayeweza kuthibitisha mwenyewe kila programu anayoitumia, na jamii yoyote huishi kwa kuaminiana. Lakini kuaminiana huko kuna haki pale tu ambapo mahali fulani yupo mtu aliyeijua sababu, akaiandika, na akaiacha wazi kwa atakayetaka kuipima. Mazoezi ya kupanga na ya kutafuta njia huandaa watu wa namna hiyo, na hiyo inatosha kuyafanya yaendelee kufundishwa hata ambapo majibu yake yamekwisha kujulikana.